Alama kwenye Ukuta wa Banda la Ngozi

Niliogopa. Nimeanza na neno hilo kwa sababu kwa karibu miaka thelathini nimekuwa nikilikana. Wanafunzi wangu wameniuliza, watoto wa dada yangu wameniuliza, na mara moja mtangazaji wa redio aliniuliza, kipaza sauti kikiwa mbele ya pua yangu, kama niliogopa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa porini, kule Garissa. Nilimjibu kwamba tulikuwa vijana, na vijana hawana muda wa kuogopa. Jibu hilo lilinipendeza hata nikalirudia kwenye harusi mbili. Halikuwa la kweli. Niliogopa tangu lori liliponipakia mpaka simu ilipolia katika kituo cha polisi, na katikati ya hayo niliogopa hata nilipokuwa nacheka.

Katika masimulizi yangu ya harusini kuna mahali ambapo inspekta wa polisi anauliza, "Nani amechora hii?" nami nasonga mbele, kidevu juu, na kujibu, "Mimi." Kwa kweli nilikuwa ndani ya banda, nyuma ya ngozi za ng'ombe zilizotundikwa, nimejiziba mdomo kwa mkono. Aliyejibu ni mama yangu. Lakini natangulia.

Baba alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Alihamia Garissa kutoka Kitui nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, akanunua banda kuukuu la Mwarabu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na kuta nene za udongo, paa la mabati, na ndani waya zilizovutwa toka upande hadi upande, ambazo juu yake ngozi zilitandazwa zikauke kivulini. Sisi tuliishi nyuma yake. Harufu ya banda ilitufuata shuleni, kanisani, hata ndani ya sanduku langu la chuo kikuu, ambako wasichana wa bweni letu waliamini kwamba nafuga mnyama chini ya kitanda.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nasomea sanaa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba picha iliyofungiwa ndani ya fremu imekufa, na kwamba ukuta ni mali ya umma. Mhadhiri aliyetufundisha hayo alikuwa na nyumba iliyojaa fremu, lakini hilo sikuliona wakati ule. Nilirudi likizo nikiwa na maneno mengi na nywele nisizochana.

Safari yenyewe ilinitoa nusu ya maneno hayo. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu ya mabomu yaliyotegwa barabarani. Dereva wetu aliamini kwamba gari la tatu ndilo salama. Bahati mbaya madereva wote waliamini hivyo, na tulipoteza asubuhi nzima wakigombania nafasi ya tatu. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilifumba macho. Mwanamke aliyekaa kando yangu, mke wa karani, aliniambia kwa upole, "Usifumbe. Kama ni bomu, macho hayatakusaidia yakiwa wazi wala yakiwa yamefungwa. Afadhali uone nchi."

Mjini jua lilipozama kila mtu alikuwa ndani, kwa amri ya kafyu. Mchana askari walisimama sokoni na bunduki, na wafugaji waliokuja kuuza mbuzi waliulizwa vitambulisho mpaka mbuzi wakachoka kusimama. Habari za nje ya mji zilikuwa za namna mbili: lori fulani limeshambuliwa, au watu fulani wamenyang'anywa mifugo yao yote na kuhamishiwa kijiji kinacholindwa na askari kwa sababu washambuliaji walipita malishoni kwao. Baba alisikiliza habari za namna zote mbili kwa uso ule ule, kisha akaenda kugeuza ngozi zake.

Kuchora kulikuwa wazo lake. Natamani ningesema lilikuwa langu.

"Wewe si wanakufundisha kuchora?" aliniuliza tukinywa chai. "Basi nichoree ngamia wangu hapo mbele ya banda. Watu wajue ni banda la mtu mwenye mali."

Ngamia wake. Hapa lazima nieleze, kwa sababu wageni wengi huko hawajui mpango huu, na waliojua wakati ule hawakuusema kwa sauti. Baba alikuwa na ngamia wachache ambao hakuwahi kuwakamua hata siku moja. Aliwanunua na kuwaacha kwa rafiki yake, mfugaji Msomali wa upande wa Wajir, mtu aliyeleta ngozi bandani tangu lilipokuwa bado la Mwarabu. Ngamia asiye na alama ya mtu anayejulikana ni kama mzigo ulioachwa stendi. Kwa hiyo ngamia wa Baba walichomwa shingoni alama ya rafiki yake, na kila mtu kisimani akaisoma na kujua wanyweshwe kwa jina la nani. Kwamba wachache katika kundi hilo ni wa mtu wa Garissa anayeimba kwaya Jumapili, hilo lilikuwa siri ya marafiki wawili.

Alama yenyewe ilikuwa mstari mmoja wa kusimama, na vistari viwili vifupi upande wake wa kulia. Baba aliichora vumbini kwa kidole.

"Uwe mwangalifu," alisema. "Ukiongeza kistari hapa chini, umempa mtu mwingine ngamia wangu. Kuna ukoo upande wa Ijara wana vitatu."

"Baba, ni picha tu."

"Kawaambie hivyo wenye vitatu."

Nilitumia chokaa, udongo mwekundu wa ukingoni mwa Tana, masizi ya taa, na buluu ya kufulia. Vyote nilivichanganya na gundi ya migunga niliyonunua sokoni kwa wafugaji. Burashi nzuri nilikuwa nayo moja. Nyingine ilikuwa ya Baba ya kunyolea ndevu, na hiyo sikuiomba. Nilianza asubuhi kabla jua halijaugeuza ukuta kuwa kikaango, nikirudi alasiri. Kila gari la askari lilipopita nilishuka ngazini nikajifanya natafuta kitu. Nilijiambia kwamba ni adabu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama wa chai, Msomali mnene mwenye sauti ya kuamsha soko, ambaye alinifahamu tangu nikiwa mtoto wa kuiba sukari yake. Alihamisha kibao chake akakielekeza kwenye ukuta.

"Abaayo," aliniita, yaani dada, ingawa angeweza kunizaa. "Iyo ngamia iko mgonjwa?"

"Haumwi. Anatembea."

"Anatembea na magoti mbili ya mbele kama mtu wa kanisa? Na mdomo yake gani hiyo? Naona kama imemeza mlango."

Wateja wake walicheka. Nilirekebisha magoti. Mdomo niliuacha kwa ajili ya heshima yangu.

Siku niliyoweka alama shingoni, kicheko kiliisha. Niliiweka kubwa, nyeusi, kwa masizi mazito, kwa sababu upande ule wa picha ulikuwa mtupu na mhadhiri wangu alichukia utupu. Wapita njia hawakuyatazama macho ya ngamia, ambayo yalinichukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Walitazama shingo. Walisoma kama watu wanavyosoma jina la duka, wakaendelea na safari. Mzee mmoja wa mifugo alirudi akasoma mara ya pili. Mama wa chai hakutania. Alimwaga chai iliyopoa akasema, kana kwamba anaongea na birika, "Hii mambo si ya kuweka barabara."

Nilimweleza Baba. Alisema mama huyo ana wivu kwa sababu ukuta wake ni wa makuti.

Haikupita wiki. Doria ya jeshi ilifuata nyayo za watu walioshambulia lori kwenye njia ya Wajir, ikawakosa watu, ikapata kambi yao vichakani: magunia ya sukari, risasi, na kundi la ngamia. Habari ilifika sokoni kabla ya jeshi lenyewe. Nami nilikuwa kwenye ngazi, napaka anga, nilipomsikia kijana mmoja akimwambia mwenzake kwa Kiswahili, labda ili nisikie, kwamba ngamia wale walikuwa na ufunguo shingoni. Ufunguo ndivyo watoto wa mjini walivyoiita alama ile, kwa umbo lake. Burashi ya Baba ya ndevu ilianguka. Niliingia ndani ya banda nikasimama kati ya ngozi, na hapo ndipo nilipokuwa inspekta alipofika.

Alikuwa mtu wa bara, kijana kuliko nilivyotazamia, mwenye viatu vilivyong'aa katika mji usio na kitu kingine kinachong'aa. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alisimama mbele ya ukuta kwa muda mrefu.

"Nani amechora hii?"

"Mtoto wangu," Mama alijibu. "Anasoma chuo kikuu. Hajui kitu."

Sijawahi kutetewa kwa ukweli mkubwa zaidi.

"Na hii alama?"

Baba alitoka, akijifuta chumvi ya kukaushia ngozi mikononi. "Ni ya rafiki yangu. Ananichungia wanyama."

"Mzee, tumewakuta ngamia wenye alama hii wanabeba chakula cha shifta. Rafiki yako ni shifta?"

"Rafiki yangu ni mfugaji."

"Mimi kwa sasa sina mashine ya kuwatofautisha," inspekta alisema, bila kejeli, kama mtu anayekiri uhaba wa vifaa. "Tutakwenda kituoni tuandike maelezo."

Baba aliuliza kama anaweza kubadili shati. Alikubaliwa. Alivaa lile la kanisani, na nilipoliona shati hilo nilijua kwamba naye anaogopa.

Hakurudi siku ile. Inspekta alimweleza Mama jambo lilivyo, na alilieleza wazi: ujumbe umepelekwa Wajir ili mfugaji yule atafutwe aulizwe. Akikubali alama na kueleza ngamia walivyofika vichakani, maelezo ya Baba yatakuwa na miguu ya kusimamia. Akikana, Baba anabaki peke yake na alama aliyoitangaza mwenyewe ukutani, na mfanyabiashara anayelisha shifta hupelekwa kizuizini mbali, bila kesi ya kusubiri.

"Mimi ningekuwa yeye, ningekana," Mama alisema tulipobaki wawili.

"Ni rafiki yake."

"Ana watoto. Akisema 'ngamia wa shifta ni wangu', watamfunga. Watachukua na ngamia waliobaki. Na kama hawakumfunga, wale wa porini watauliza amesema nini kwa serikali." Alikuwa akichambua mahindi ya muthokoi, chakula cha kwetu, akiyatupa mabaya kwa nguvu isiyohitajika. "Wewe hujui watu wanafanya nini wakiogopa."

Nilijua. Nilikuwa nikifanya wakati huo huo. Nilikuwa nikiufikiria mstari.

Nataka niliseme sawasawa, kwa sababu mahali hapa pia masimulizi yangu ya harusini hupita haraka. Kuifuta alama nisingeweza. Inspekta alikwisha kuiona, na doa jipya la chokaa lingekuwa maungamo. Lakini kistari kimoja chini ya vile viwili, dakika moja ya kazi, kingeifanya alama ya watu wengine. Ningeweza kusema inspekta alisoma vibaya. Ningeweza kusema nilikuwa sijamaliza, na msanii ana haki ya kumaliza. Watu wa Ijara wenye vistari vitatu sikuwajua. Hawakuwa na nyuso. Hilo liliwafanya wawe rahisi.

Alasiri moja, saa ile watu wamelala kwa joto, nilitoka na kopo la masizi. Barabara ilikuwa tupu. Nilipanda ngazi. Nilipoinua mkono, uligoma. Ulitetemeka hata masizi yakanidondokea miguuni. Niliushika kwa mkono wa pili, nao ukatetemeka. Nikabaki pale juu, mbele ya ngamia wangu mwenye mdomo wa mlango, nikiwaza watu wa Ijara wasio na nyuso wakiulizwa, na mmoja wao akivaa shati lake zuri.

"Abaayo."

Mama wa chai alikuwa amekaa ndani ya kivuli cha kibanda chake. Alikuwa pale muda wote.

"Shuka," alisema. "Utaanguka, halafu mama yako atalia watu mbili."

Nilishuka. Akanipa chai ambayo sikuweza kuishika, akaishika yeye nikainywa mkononi mwake. Hakuuliza nilichotaka kufanya. Katika harusi mimi husema dhamiri ilinizuia. Ilikuwa ni mkono. Niliogopa mno hata kutenda ubaya.

Tangu siku hiyo watu waliepuka upande wetu wa barabara. Waliotuuzia ngozi hawakuja. Wale wa kwaya walisalimu kwa mbali, wakitazama saa zao. Mama alinituma kituoni na chakula kila mchana, na nilitembea katikati kabisa ya barabara, mahali ambapo hakuna awezaye kusema najificha, nikihesabu bunduki zilizosimama kati yangu na lango.

Baba aliruhusiwa kula kwenye veranda ya kituo, askari akiwa karibu. Alikuwa amekonda, lakini alizungumzia ngozi: zigeuzwe, zisikunjike pembeni. Nilimwambia alivyosema Mama kuhusu rafiki yake.

"Mama yako anamwonea," alisema. "Hawezi kukana."

"Kwa nini asiweze? Akikubali wanamfunga."

"Alama ile alichoma baba yake, na baba wa baba yake. Akisema mbele ya watu kwamba si yake, habari itafika visimani kabla yeye hajafika. Kesho mwenye nguvu anakuja anachukua ngamia wake wote, anasema, 'Ulisema si wako.' Atajibu nini?" Alitafuna kidogo. "Kwa hiyo akikubali anapoteza, akikana anapoteza."

"Sasa hiyo inatusaidia nini?"

"Sijui," alisema Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno hilo. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo askari hakuisikia, "Ningejua, nisingekuambia uichore kubwa hivyo."

"Hukuniambia. Ni mimi."

"Haya. Basi tuko wawili."

Tulikuwa tumekaa hivyo, siku nyingine iliyofuata, bakuli likiwa kati yetu, simu ilipolia ndani ya ofisi. Dirisha lilikuwa wazi. Simu ya kutoka Wajir siku zile ilipitia mitambo mingi, na kila aliyepokea alipiga kelele kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Garissa hapa," inspekta alisema. "Sema... Sema kwa nguvu... Amekuja mwenyewe?"

Baba aliweka kijiko chini.

"Amekubali? Alama amekubali?... Rudia hapo. Mtoto wake?"

Kisha akasikiliza tu. Nilitazama mgongo wake kupitia dirisha, shati lilivyonata kwa jasho. Nilitaka kumwomba Mungu na sikukumbuka maneno ya kuanzia; nilichokumbuka ni mhadhiri wangu akieleza matumizi ya rangi nyeusi.

Inspekta aligeuka, ameziba simu kwa kiganja.

"Mzee, njoo. Rafiki yako yuko kituo cha Wajir. Amesema alama ni yake na ngamia ni wake, na kati yao kuna wa kwako. Walichukuliwa kwa bunduki malishoni. Kijana wake aliyekuwa anachunga alipigwa risasi pajani siku hiyo."

"Yuko hai?"

"Yuko hospitali ya Wajir. Wenzetu walimwokota njiani, wakamweka chini ya ulinzi wakidhani ni shifta. Tangu aletwe anasema ngamia wa baba yake wameibwa, na hakuna aliyemwamini. Baba yake hakujua yuko huko, alidhani amekufa. Leo wameulizwa kila mtu peke yake, na maneno yao ni yale yale." Alifikiri kidogo. "Basi, kwangu yamekwisha. Kamalizie chakula, uende nyumbani."

Nilikaa sakafuni, nikaliangusha bakuli.

"Lakini huyu mzee anasema haondoki pale mpaka akusikie," inspekta alisema, akimnyoshea Baba simu. "Anadhani tumekuua."

Baba hakuwa amewahi kushika simu. Aliishika juu chini, inspekta akaigeuza. Hata nilipokuwa nimekaa niliisikia sauti ya mtu yule, nyembamba, ikikatika, ikipiga kelele kutoka mbali, ikimwita ndugu kwa Kisomali.

"Walaal? Ni wewe? Uko msima?"

"Niko mzima, walaal. Na kijana?"

Sauti ilisema maneno mengi, mengine Kiswahili, mengine Kisomali. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, kana kwamba mwenzake anamwona.

"Anakanyaga? Mguu unakanyaga chini?"

Sauti ikajibu.

"Alhamdulillahi," alisema Baba, mzee wa kanisa, akamrudishia inspekta simu.